Maliza ya bibi kwanza

Swali: "Shikamoo dada. Nina miaka 27, naishi Arua. Tangu 2019 napiga vidio za harusi na za mashirika. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikimrekodi bibi yangu, Mnubi, ambaye Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979 alikimbilia Sudan na watoto, akarudi baada ya miaka mingi. Bibi akiona kamera ananyamaza. Akiwa anasuka vikapu vyake ndipo maneno yanamtoka. Nataka kuacha harusi niwe mtengeneza filamu huru. Je, nimalizie filamu hii ya bibi, ya hali halisi, au niandike kwanza filamu ya hadithi, ambayo wenzangu wanasema ndiyo yenye pesa? Na watu wa kazi hii mnakula nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Maliza filamu ya bibi kwanza, na harusi usiziache. La kwanza huenda ulilitarajia. La pili najua halitakufurahisha, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Mwaka 2014 nilikuwa nikimrekodi fundi mitumbwi pale Katosi, upande wa Mukono. Mzee wa miaka sabini na kitu, anaunda mtumbwi kwa macho tu: anaweka ubao, anarudi nyuma hatua tatu, anafumba jicho moja, anakwenda kuusogeza kidogo, anarudi tena. Nilimuaga nikamwambia nitarudi harusi za Desemba zikipita. Nilirudi Machi. Mtumbwi ulikuwa juu ya magogo, umefunikwa turubai, ubavu mmoja una mbao na mwingine uko wazi. Mwanawe alinikaribisha vizuri, akanipa chai, kisha akanipeleka kuona kaburi. Nina dakika 40 za mzee yule. Kati ya hizo, 12 hazisikiki, kwa sababu mvua ilianza kupiga mabati tukiwa ndani na mimi nikaona haya kumkatiza mkubwa. Filamu ile haikuisha na haitaisha.

Filamu ya hadithi unaweza kuiandika ukiwa na miaka 40, na huenda utaiandika vizuri zaidi. Ya bibi ina muda wake, na muda huo haumo mikononi mwako.

Kwa kuwa nimetaja mvua, nianze na sauti, maana ndiko ninyi watoto wa harusi mnakoanguka. Kwenye harusi muziki unafunika kila kosa. Kwa bibi hakuna muziki. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza, lakini sauti inayokwaruza itamfanya aondoke. Nunua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo kabla hujafikiria lenzi nyingine. Ibane shingoni mwa bibi, umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pale ambapo kitambaa hakisuguani nayo. Mvua ikija, simamisha. Mwambie, "Bibi, tunywe chai kwanza." Hatakasirika. Kila mnapomaliza, nyamazeni wote dakika moja nzima ukiwa bado unarekodi, upate sauti ya chumba chenyewe: kuku nje, boda inapita mbali. Dakika hiyo ndiyo itakayoziba mishono yako ukifika kwenye uhariri.

Halafu hivyo vikapu. Umeniandikia kana kwamba ni kikwazo, bibi hataki kuongea mpaka asuke. Mimi ningejenga filamu nzima juu ya hilo. Mtu mzima anayeulizwa maswali akitazamwa machoni hujibu kama yuko mbele ya karani. Mtu ambaye mikono yake iko kazini husahau kujilinda. Kaa mkekani, chini kuliko yeye. Weka kamera kwenye kigoda kidogo, usawa wa mikono yake, iache hapo, kisha mtazame bibi mwenyewe. Achana na kioo cha kamera. Usimuulize "mwaka 1979 ulikuwa wapi?" Muulize alijifunza kusuka kwa nani, na kama kule Sudan alikuwa akipata majani ya kusukia. Atafika 1979 mwenyewe. Na akinyamaza, usikimbilie swali jingine. Hesabu hadi ishirini moyoni. Kazi yangu iliyo nzuri zaidi imetoka kwenye ukimya wa namna hiyo.

Sasa suala la kula. Filamu huru haili kamera, inakula muda. Anayeacha kazi inayomlisha ili "awe mtengeneza filamu" kwa kawaida huwa na miezi sita tu, kisha kodi ya nyumba inamrudisha mjini akiwa na madeni na filamu nusu. Ntare Guma Mbaho Mwine, mwenzetu mwenye asili ya Uganda aliyezaliwa Marekani, mwaka 2002 gari lilimharibikia Mbirizi, kwenye barabara ya Masaka kwenda Mbarara. Hapo akakutana na mpiga picha wa mji ule, Kibaate Aloysius Ssalongo, na picha alizowapiga watu wa kawaida kwa miaka mingi. Filamu iliyozaliwa pale, Memories of Love Returned, ilitoka 2024. Miaka yote hiyo katikati, Mwine alikuwa akila kwa uigizaji. Moses Bwayo naye alianza kumfuata mwanamuziki na mwanasiasa Bobi Wine na kamera mwaka 2017. Filamu aliyoiongoza pamoja na Christopher Sharp ilionyeshwa Venice 2022, ikateuliwa kwenye tuzo za Oscar 2024. Miaka mitano kabla ukumbi wowote haujaiona, na katikati yake Bwayo alikamatwa, akajeruhiwa usoni akiwa kazini, na mwishowe akahamia Marekani. Muda, na wakati mwingine zaidi ya muda.

Kwa hiyo harusi zako zinakununulia muda. Mimi mwenyewe tangu 2009 nimeweka Jumanne na Jumatano ziwe za filamu zangu. Siku hizo mteja akipiga simu namwambia niko safarini. Jumamosi ni ya harusi. Vidio za mashirika nachukua mwezi mmoja, naacha mmoja. Katika kila malipo, sehemu moja ya tano inakwenda kwenye akaunti ambayo siigusi kwa karo wala kwa matanga. Kuna mwaka akaunti hiyo ilinunua diski mbili tu na mafuta ya kwenda Kasese. Ilitosha, filamu iliendelea kuwa hai.

Kuhusu mashirika, sikiliza vizuri. Mwaka 2016 shirika moja lilinipa kazi ya vidio ya dakika 6 kuhusu visima, kaskazini. Nilikaa huko siku 11, nikarudi na saa 30 za picha, na ndani yake mama mmoja ambaye ningemtengenezea filamu nzima: anaamka saa kumi usiku kupanga foleni ya mitungi ya kijiji kizima, na anajua kila mtungi ni wa nani kwa kuupapasa gizani. Niliomba ruhusa ya kuzitumia zile picha. Walikataa, na sheria ilikuwa upande wao. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 inasema kazi uliyoifanya kwa kuajiriwa au kwa kuagizwa ni mali ya aliyekuajiri au aliyekuagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Mkataba wangu haukusema lolote. Siku hizi naongeza mstari mmoja kabla ya kutia saini: picha ambazo hazikuingia kwenye vidio ya mwisho zinabaki kwangu, na nitazitumia kwa ridhaa ya wanaoonekana ndani yake. Wengine wanakubali, wengine wanakataa, lakini sasa najua kabla sijawasha kamera. Na usije ukamrekodi bibi kwa kamera ya shirika, au ndani ya safari iliyolipiwa na shirika. Hata dakika tano.

Umeandika mstari mmoja tu kuhusu njia aliyopita kwenda Sudan. Ningekuwa wewe ningekaa hapo mwaka mzima. Watu wengi wa West Nile, eneo lenu hilo, walivuka kwenda Sudan na Zaire baada ya 1979 na katika miaka ya mwanzo ya 80. Kama bibi alipita Koboko na Oraba kuingia mji wa Kaya, ng'ambo ya mpaka, basi alipita barabara ile ile ambayo tangu 2016 wakimbizi wa Yei, Sudan Kusini, wamekuwa wakiipita kuja upande wetu. Bidi Bidi, kambi ya wakimbizi kule Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016, na kwa muda mfupi ikawa na watu zaidi ya 200,000. Nina hakika sokoni Arua bibi ananunua kitu kwa mtu ambaye wazazi wake walikuwa wenyeji kule Sudan wakati bibi ndiye mkimbizi. Muulize kama kuna familia iliyompokea kule, na kama anajua waliko leo. Huenda wako kilomita themanini kutoka kitandani kwake. Kama hawapo, usiwatafutie mbadala wa kuwaigiza. Nenda naye barabarani, umrekodi anapoitazama. Kupiga picha ndani ya kambi kunahitaji kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, anza kukiomba mapema. Mpakani usielekeze kamera kwenye kambi ya jeshi wala forodha, na kila kijiji ingia kwa mwenyekiti wa kijiji, yaani wa LC1, ukiwa na barua mkononi. Droni iache nyumbani.

Najua utatamani picha za kale. Zipo. Televisheni na redio ya taifa, UBC, ina hazina ya makumi ya maelfu ya negativu zilizopigwa na wapiga picha wa serikali enzi za Amin, na baadhi zilionyeshwa Uganda Museum mwaka 2019. Zitazame, zitakufundisha mavazi, magari, sura ya miji. Ila ujue ni macho ya serikali. Mswisi mmoja aliyefanyia kazi Ufaransa, Barbet Schroeder, alitengeneza filamu nzima kuhusu Amin mwaka 1974, na Amin ndiye aliyekuwa akipanga nini kionekane. Filamu ilipotoka na vipande asivyovipenda, aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Kampala akawaweka hotelini mpaka Schroeder akubali kuvikata. Vilirudishwa Amin alipoanguka. Kwenye picha za namna hiyo yumo Amin, wamo mawaziri na vifaru. Mwanamke Mnubi anayefunga mzigo usiku akijiuliza mtoto yupi atembee na yupi abebwe, huyo hayumo. Kama huna picha ya usiku ule, tuonyeshe mikono inayosuka na utuache tumsikie. Usiweke vifaru vya watu wengine juu ya sauti yake.

Hapa kuna jambo linalonikosesha usingizi kwa niaba yako. Wanubi wengi wamelipa kwa miaka kosa la kuhesabiwa wote kuwa watu wa Amin. Bibi anaweza kutaja jina la mjomba, la jirani, la askari. Wewe ni mjukuu, atakwambia mambo ambayo hangemwambia mgeni, na kamera iko wazi. Kwa hiyo ridhaa iombe mara tatu: kabla ya kuanza, baada ya kurekodi akiwa amesikia alichokisema, na mwisho akiwa ameona filamu yote imeshonwa. Kama hapendi karatasi, arekodiwe akikubali kwa Kinubi, na shahidi awepo. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakutaka uwe na ridhaa, lakini hata bila sheria ni bibi yako. Akisema kipande hiki kitoke, kinatoka. Usibishane naye kuhusu sanaa.

Na wa kwanza kuiona wawe watu wa Arua. Machi 2012 dunia yote ilikuwa ikiitazama ile vidio ya Wamarekani kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA. Ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya wiki moja. Ilipopelekwa Lira, kwenye uwanja wa wazi, watu waliopitia vita vyenyewe walikasirika, na mawe yakarushwa. Walikuwa wa mwisho kuonyeshwa hadithi yao. Wewe kodi kibanda cha filamu pale mtaani, alasiri ambayo hakuna mpira, uwaalike wazee wa Kinubi, majirani, shangazi zako. Kaa nyuma kabisa uwatazame wao: wanacheka wapi, nani anatoka nje, nani anamnong'oneza mwenzake. Ukirudi kwenye uhariri utajua cha kukata.

Mambo ya ufundi nitayapita haraka, mengi unayajua. Piga kwa picha 25 kwa sekunde, na shata 1 kwa 50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za mirija zitakuletea mistari inayotembea ukienda kinyume. Picha za 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde zinakula gigabaiti 45 kila saa, kwa hiyo piga hesabu ya diski kabla ya safari. Kila kitu kiwe na nakala tatu, na moja ikae nyumba nyingine kabisa, kwa shangazi au msikitini kwa mtu unayemwamini. Na tafsiri anza kuiandika sasa hivi, saa kwa saa, Kinubi upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Usingoje ufikishe saa mia. Miaka miwili ijayo hutakumbuka bibi alimaanisha nini aliposema neno fulani huku akicheka, na yeye huenda hatakuwepo kukueleza.

Sasa hao wenzako wanaosema pesa iko kwenye hadithi. Iko, kwa wachache. Filamu ya Loukman Ali, The Girl in the Yellow Jumper, iliingia Netflix Desemba 2021, ya kwanza kutoka Uganda, na sote tulifurahi kana kwamba ni yetu. Isaac Nabwana wa Wakaliga alikwenda njia yake: bunduki za kuchongesha, majirani ndio waigizaji, na DVD zikiuzwa mkono kwa mkono mitaani. Ninamheshimu sana, kwa sababu hakungoja ruhusa ya mtu. Lakini filamu ya hadithi ina gharama isiyopungua: kila siku ya kupiga picha watu wote wanakula, wote wanasafirishwa, na mvua ikinyesha wanakula tena bila kazi kufanyika. Peke yako na bibi, siku ya mvua inakugharimu chai.

Tena, hali halisi ndiyo itakayokufundisha kuandika watu. Mira Nair, aliyeanzisha mafunzo ya filamu ya Maisha Film Lab hapa Kampala mwaka 2004, alianza na filamu za hali halisi India. Alipofika kwenye hadithi yake ya kwanza ndefu, Salaam Bombay! ya 1988, aliwatumia watoto wa mitaani wenyewe, na unaona wazi kwamba ni mtu aliyekwisha kukaa sana na watu kabla ya kuwaandikia maneno. Ukimaliza ya bibi, andika filamu fupi ya dakika kumi: chumba kimoja, wanawake wawili, mzigo mmoja wa kufunga. Utashangaa jinsi mazungumzo yatakavyokuja yenyewe.

Ruzuku zitafute, ila zisiwe mpango wa kula. Docubox ya Nairobi inasaidia filamu za hali halisi za Afrika Mashariki. Kule Amsterdam kuna mfuko wa IDFA Bertha, na Toronto, tamasha la Hot Docs limekuwa na mfuko wa Blue Ice kwa Waafrika. Durban kuna soko la filamu kila mwaka, Zanzibar kuna tamasha la filamu la ZIFF, na hapa nyumbani Uganda Film Festival, iliyoanzishwa na Tume ya Mawasiliano mwaka 2013. Karibu wote watataka maelezo mafupi, bajeti, sababu za wewe kuitengeneza filamu hii, na dakika chache za picha. Hilo la sababu ndilo linalowashinda wengi, nao hujaza kurasa kwa maneno makubwa kuhusu amani na jamii. Wewe andika kwamba bibi yako ananyamaza akiona kamera na anaongea akisuka. Atakayesoma atataka kusikia anasema nini.

Wiki hii nenda kwake Jumanne bila kamera, na kinasa sauti tu. Angalia kikapu kilichoko mkononi kimefika wapi. Kama kinakaribia kuisha, ngoja aanze kingine, kikubwa, na uwe umekaa mkekani na kamera yako siku anaposhona lile duara la kwanza la chini, dogo kama sarafu. Kisha rudi kila wiki mpaka afike ukingoni. Halafu nitumie dakika tano za mikono yake bila neno lolote, na nyingine tano za maneno zikiwa na tafsiri, tuanze kuzungumza uhariri.